Namba ya Uzi si Namba ya Mwanachama

Siku hizi ni vigumu kupata kikundi kisichokuwa na kijana aliyesomea kompyuta. Akimaliza chuo, kazi ya kwanza tunayompa ni ile ile: "Tuandikie programu ya hesabu zetu." Naye anaiandika, na sisi tunafurahi kuona daftari kubwa limepumzika. Makala hii ni ya huyo kijana. Lakini pia ni ya mweka hazina, kwa sababu yeye ndiye ataulizwa hesabu ikienda kombo.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama ninachokijua, jina nitaliacha. Walikuwa na kompyuta moja ndogo ya kubeba na simu nne. Siku ya mkutano wakusanyaji wanne waliketi kila mmoja na simu yake, wakapokea akiba na malipo ya mikopo, na kila walichoandika kwenye simu kilikwenda moja kwa moja hadi kwa kompyuta ya mweka hazina. Programu ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya C na kijana wa mmoja wao. Ilifanya kazi miezi kadhaa bila shida yoyote. Kisha siku moja, wakati wa kufunga hesabu, kompyuta ikaonyesha kwamba mkusanyaji mmoja alipokea pesa mpaka saa tisa alasiri. Na wote walikuwa wamemwona akiondoka saa sita kumpeleka mtoto kliniki.

"Kijana wangu, si ulituambia kompyuta haidanganyi?" mweka hazina akauliza.

"Haidanganyi, mama. Inasema tu kile nilichoiambia."

"Basi uliiambia nini?"

Jumla ya pesa ilikuwa sawa, hakuna hata shilingi iliyopotea. Kilichokosewa ni jina la aliyepokea. Lakini mnajua vile mambo huenda kwenye vikundi. Kabla chanzo hakijajulikana, yule mama alikuwa ameshapigiwa simu akiwa bado kwenye laini ya kliniki, akaulizwa pesa ziko wapi. Swali kama hilo likishaulizwa mbele ya watu si rahisi kulifuta.

Hebu basi tuone kile kijana aliiambia kompyuta.

NYUZI NI NINI?

Programu ya kawaida hufanya jambo moja baada ya jingine, kama mtu anayelima mstari mmoja hadi mwisho ndipo aanze wa pili. Hiyo haitoshi pale simu nne zinapoleta habari kwa wakati mmoja, kwa maana wa nne atangoja sana. Kwa hivyo programu hugawa kazi yake katika mikondo kadhaa inayokwenda pamoja. Kila mkondo huitwa uzi. Nyuzi ni kama wanachama walio katika shamba moja la kikundi: kila mmoja ana mstari wake, lakini shamba, stoo na majembe ni vya wote. Ndani ya kompyuta, shamba hilo ni kumbukumbu ya programu. Uzi mmoja ukiandika kitu pale, wengine wanaweza kukisoma, tena wakati mwingine kabla hakijamalizika kuandikwa. Ndiposa waandishi wa programu za namna hii hutumia kufuli: anayeandika hufunga, akimaliza hufungua, na wengine wanangoja mlangoni.

Kwa lugha ya C, katika mfumo wa Linux, macOS na jamaa zao, nyuzi huendeshwa kwa taratibu zinazoitwa pthreads. Kanuni zake ziliwekwa mwaka 1995 katika mapatano yajulikanayo kama POSIX, na zingali zinatumika. Uzi unaanzishwa kwa amri ya pthread_create, na hapo unapewa kitambulisho chake. Aina ya kitambulisho hicho inaitwa pthread_t. Uzi ukitaka kujua kitambulisho chake wenyewe, unaita pthread_self().

Kwa nini mtu atake kulinganisha vitambulisho viwili? Sababu ziko, ingawa si nyingi kama vijana wanavyodhani. Tuseme mmekubaliana kwamba uzi mmoja tu ndio unaoruhusiwa kubadilisha jumla ya akiba, nyingine zilete habari tu. Basi kabla ya kubadilisha, programu inauliza: je, mimi ndiye mwandishi? Au tuseme uzi unataka kungoja uzi mwingine umalize kazi, kwa amri ya pthread_join. Ni lazima ujue kwamba haujingoji wenyewe, maana hiyo ni sawa na mtu kukaa langoni akingoja yeye mwenyewe arudi nyumbani. Au uzi unataka kujua kama kufuli iliyofungwa imefungwa na wenyewe, isije ikajifungia nje.

JE, KITAMBULISHO NI NAMBA?

Ukiuliza vijana wengi pthread_t ni nini, watakujibu ni namba. Wanasema hivyo kwa sababu walijifunzia kwenye Linux, na huko kweli ni namba kamili, ndefu. Wakiichapisha kwenye kioo wanaona tarakimu kumi na tano hivi, na hapo wanaridhika.

Lakini kanuni za POSIX hazikusema ni namba. Ziliacha kwa makusudi, ili kila mtengenezaji wa mfumo achague kinachomfaa. Kwenye macOS, pthread_t ni anwani inayoelekeza mahali fulani kwenye kumbukumbu. Iko pia maktaba iliyotungwa ili kuleta pthreads kwenye Windows, na ndani yake kitambulisho ni fungu la vitu viwili vilivyofungwa pamoja: anwani, na hesabu ya mara ngapi anwani hiyo imetumiwa tena. Kumbuka hicho cha pili, tutakirudia.

Sasa, kijana aliyezoea namba huandika hivi:

if (pthread_self() == mwandishi)

Kwenye Linux mstari huu unafanya kazi. Kwenye macOS pia. Akiupeleka mahali ambapo kitambulisho ni fungu, kompaila inakataa kabisa, kwa sababu lugha ya C hairuhusu kulinganisha mafungu mawili kwa alama ya ==. Hapo ana bahati, kwa vile anaambiwa kosa kabla programu haijaanza kufanya kazi. Mwenye shida ni yule anayejaribu kuzunguka. Wako wanaochukua memcmp na kulinganisha mafungu hayo baiti kwa baiti. Shida ni kwamba ndani ya fungu kunaweza kuwa na nafasi tupu kati ya kitu na kitu, na nafasi hizo zina takataka yoyote iliyoachwa pale. Kwa hivyo vitambulisho viwili vya uzi ule ule vinaweza kuonekana tofauti. Wengine hukigeuza kitambulisho kuwa int ya kawaida, ambayo kwenye kompyuta za leo ina baiti 4, hali pthread_t ya Linux kwenye mashine ya biti 64 ina baiti 8. Hiyo ni kama kumtambua mtu kwa nusu ya namba ya kipande chake. Siku nyingi itakubali, na siku moja watu wawili watafanana.

Njia iliyowekwa na kanuni ni moja tu, nayo ni fupi:

if (pthread_equal(pthread_self(), mwandishi))

Amri ya pthread_equal inapewa vitambulisho viwili na kujibu kama ni vya uzi mmoja. Vikiwa vya uzi mmoja, inarudisha namba isiyo sifuri. Vikiwa tofauti, inarudisha sifuri. Hapa pana mtego ambao umewanasa hata wazoefu. Karibu amri zote nyingine za pthreads hurudisha sifuri kwa maana ya "imefaulu", na strcmp nayo hurudisha sifuri maneno yakiwa sawa. Mkono wa kijana umeshazoea kuandika == 0. Akiandika hivyo baada ya pthread_equal, amegeuza maana juu chini: mwandishi wa kweli anakataliwa mlangoni, na wageni wote wanaruhusiwa kuingia stoo. Kwa hivyo wewe unayekagua kazi ya mwenzako, ukiona pthread_equal, angalia kwanza kilichoandikwa baada yake.

Tena, pthread_equal hujibu "ndiye" ama "siye" tu. Haisemi nani mkubwa nani mdogo, wala nani alitangulia. Ukitaka kupanga nyuzi kwa taratibu ya kuja kwao, kitambulisho hakitakusaidia.

Walioandika lugha yenyewe ya C nao waliongeza nyuzi mwaka 2011. Huko amri zinaitwa thrd_current na thrd_equal, na majibu yake ni kwa mtindo ule ule. Tusikae hapo.

KINU CHA POSHO

Nirudi kwa yule kijana. Je, alitumia alama ya ==? Ndiyo, alitumia. Lakini sikiza vizuri: si hiyo iliyomletea mama wa watu aibu. Hata angetumia pthread_equal kila mahali, hesabu ingekosewa vile vile. Nalisema kwa sababu ushauri wa "tumia pthread_equal" umeenea sana, na mtu akiufuata anadhani amemaliza.

Fikiria kinu cha posho siku ya soko. Unafika na debe lako la mahindi, mwenye kinu anakupa kibati chenye namba 7, na kibati kama hicho kinawekwa kwenye debe. Unga ukiwa tayari unarudisha kibati chako, unachukua unga, unaenda zako. Anayekuja nyuma yako anapewa kibati namba 7, kwa sababu sasa hakina mtu. Hakuna kosa hapo, vibati ndivyo vinavyotumika. Kosa linakuja pale msaidizi alipoandika asubuhi ubaoni, "Namba 7 ameshalipa," na hakufuta. Mchana anakuja mtu mwingine kabisa na namba 7. Msaidizi anatazama ubao, anatazama kibati, vinalingana sawasawa. Anampa unga bure.

Kitambulisho cha uzi ni kibati cha kinu. Kanuni zinaahidi kwamba nyuzi mbili zilizo hai kwa wakati mmoja ndani ya programu moja hazitakuwa na kitambulisho kimoja. Basi, haziahidi zaidi ya hapo. Uzi ukiisha na ukaungwa kwa pthread_join, au ukiwa ulishaachiliwa kwa pthread_detach kisha ukaisha, kitambulisho chake kinaweza kupewa uzi mwingine. Na kwenye Linux hili hutokea mara nyingi. Huko namba ile ndefu ni anwani ya eneo la kumbukumbu ambalo uzi umepewa kufanyia kazi. Uzi ukimaliza, eneo hilo kwa kawaida halitupwi. Linawekwa tayari kwa uzi utakaofuata, kwa vile kutayarisha eneo jipya kunachukua muda. Uzi mpya unaingia nyumba ile ile, na anwani ni ile ile.

Kijana anaweza kujionea mwenyewe kwa dakika tano. Aandike programu ndogo inayoanzisha uzi mmoja, uzi huo uchapishe pthread_self() yake, kisha programu iungoje kwa pthread_join. Halafu ianzishe uzi wa pili ufanye vivyo hivyo. Aitayarishe kwa gcc -pthread na kuiendesha kwenye Linux. Mara nyingi ataona namba ile ile mara mbili. Kisha abadilishe, aanzishe nyuzi zote mbili kwanza huku zote zingali zinafanya kazi, ndipo azingoje. Hapo namba zitakuwa mbili tofauti.

Sasa mambo yako wazi. Programu ya kikundi ilikuwa na jedwali: upande mmoja kitambulisho cha uzi, upande wa pili jina la mkusanyaji. Kila simu ilipounganishwa, uzi ulianzishwa kwa ajili yake. Uzi huo ulitafuta kwanza kama tayari umo kwenye jedwali, na kama haumo ukaandika jina. Mama alipoondoka saa sita, simu yake ilijitoa na uzi wake ukaisha, lakini mstari wake kwenye jedwali ulibaki, kama chaki ya asubuhi. Mkusanyaji aliyeshika nafasi yake akaunganisha simu. Uzi mpya ukapewa kitambulisho cha ule uliokwisha, ukatafuta kwenye jedwali, ukajikuta umeshaandikwa kwa jina la mwingine. Miezi ya nyuma hakuna mkusanyaji aliyewahi kuondoka katikati ya mkutano, na ndiyo maana programu ilionekana nzima.

Kulinganisha kitambulisho cha uzi uliokwisha ni kosa lenyewe, hata kabla ya kufika kwenye pesa. POSIX inasema kwamba ukimpa pthread_equal kitambulisho kisicho halali, hakuna ahadi yoyote juu ya jibu. Haitakuletea ujumbe wa kosa. Inaweza kusema "ndiye", nawe ukaamini.

NAMBA YENU WENYEWE

Kila kikundi kinajua dawa yake, kwa sababu tunaitumia kwenye daftari. Mwanachama namba 14 akihama, hatumpi mgeni namba 14. Mgeni anakuwa namba 31, ama yoyote inayofuata, na 14 inabaki kwenye kurasa za zamani na mwenyewe. Programu nayo ifanye hivyo. Iweke hesabu moja inayoanza kwa 1. Kila simu ikiunganishwa, ifunge kufuli, iongeze hesabu hiyo, ichukue namba, ifungue. Namba hiyo ipitishwe kwa uzi mpya kupitia nafasi ya nne ya pthread_create, ambayo kazi yake ni kupitisha mzigo wowote unaotaka uzi uanze nao. Pamoja nayo ipitishwe namba ya mkusanyaji katika kikundi. Hesabu ya aina ya unsigned long kwenye mashine ya biti 64 haitaisha, hata mkutane kila siku.

Kwa maoni yangu pthread_t haikupaswa kabisa kuingia kwenye jedwali la pesa. Ni kitu cha matumizi ya ndani ya programu, cha muda mfupi. Aliyepokea pesa ni mtu, na mtu ana namba yake ya uanachama.

Pale ambapo bado unahitaji kulinganisha nyuzi, kama lile swali la mwandishi wa jumla, kuna mambo mawili zaidi. La kwanza, katika kanuni za POSIX za kabla ya mwaka 2024 hakukuwa na kitambulisho chenye maana ya "hakuna mtu". Vijana huandika mwandishi = 0 wakidhani ni kiti kitupu. Kanuni hizo hazikuweka kitambulisho cha namna hiyo, na mahali ambapo pthread_t ni fungu, sifuri haiingii. Weka alama yako pembeni, kwa mfano int mwandishi_yupo, na uitazame kabla ya kuuliza pthread_equal. Alama na kitambulisho vilindwe kwa kufuli moja, uzi mwingine usije ukasoma kimoja kipya na kingine cha zamani.

La pili ni la hila zaidi. Ukiandika pthread_create(&mwandishi, ...), utadhani uzi mpya ukianza utakuta mwandishi imeshajazwa. Kanuni haziahidi hivyo. Uzi mpya unaweza kuanza mbio kabla yule aliyeuita hajarudi kutoka pthread_create. Basi uache uzi wenyewe ujiandikishe: jambo la kwanza ukianza, ufunge kufuli, uandike mwandishi = pthread_self(), uweke alama kwamba yupo, ufungue.

Neno moja kwa wale wanaotazama nyuzi kutoka nje ya programu kwa ps -eLf au top -H. Namba wanazoona huko si pthread_t. Hizo ni namba za mfumo wa Linux wenyewe, na ndani ya programu zinapatikana kwa gettid(), amri iliyoingizwa katika maktaba ya glibc mwaka 2019. Zinafaa kuandikwa kwenye kumbukumbu za programu ili mtu aweze kufuatilia uzi ulio na shida. Lakini nazo ni vibati vya kinu, zinaweza kurudi kwa mwingine. Usizilinganishe na pthread_t kamwe.

Ukiwa mweka hazina na hujui kusoma C, bado unaweza kuipima programu mnayoletewa. Siku moja kabla ya mkutano, mwambie kijana aunganishe simu mbili. Pokeeni malipo ya majaribio kwa kila moja. Zimeni simu moja katikati, mpe mkusanyaji mwingine nafasi hiyo, aunganishe simu yake na apokee malipo matatu. Kisha mpigie taarifa na usome majina mstari kwa mstari. Fanyeni hivyo mara kumi, kwa sababu vitambulisho havirudi kila mara kwa mpangilio mmoja.

Yule kijana alifanya jaribio hilo jioni ile ile, mbele ya mweka hazina, na kwenye mara ya kwanza tu jina la mama aliyekuwa kliniki likajitokeza tena, hali yeye mwenyewe alikuwa ameketi hapo na mtoto mgongoni, anatazama kioo.